Nyumba ndani ya HiAce: kujiandaa kwa wiki mbili kati ya Tabora na Kigoma

Kwa njia ya Urambo, Kaliua na Uvinza, Tabora hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 400, na mwenye haraka anazimaliza kwa siku moja. Maelezo haya ni ya asiye na haraka: watu wawili wanaotaka kulala ndani ya gari, kujipikia, na kukaa wiki mbili bila gesti na bila kuchomeka kitu kwenye umeme wa TANESCO. Gari la mfano ni HiAce ya dizeli. Noah iko chini mno kwa vipande vya barabara ya vumbi. Coaster ina nafasi ya kusimama wima, lakini nyingi zinatumia umeme wa volti 24, kwa hiyo vifaa vya volti 12 vitahitaji kibadilishi. HiAce utaingia umeinama, ila spea zake zinapatikana na fundi wa mji wowote njiani anaijua.

Safiri kati ya Juni na mwanzoni mwa Oktoba. Mvua ya huku ni ya msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili, na ikishanyesha, udongo mweusi wa mbuga unajaa kwenye tairi mpaka tairi linateleza kama halina meno kabisa. Usijidanganye kwamba lami imefika. Utakapolala si kwenye lami, na ni ile mita 300 ya kutoka barabarani inayokwamisha watu. Kiangazi nacho kina shida zake, maji, vumbi, nyuki na mbung'o, lakini hizo zinapangika.

Friji ndiyo inayoamua

Watu wengi huanza kwa kununua paneli za jua, halafu wanashangaa usiku wa pili betri imelala. Anza na karatasi. Andika kila kifaa, wati zake, na saa utakazokitumia kwa siku, kisha zidisha.

Kwa watu wawili hesabu inakaa hivi. Taa mbili za LED za wati 5 kwa saa 4 ni wati-saa 40. Simu mbili, ukijumlisha na kinachopotea kwenye chaja, 50. Feni ya wati 15 usiku kucha, saa 8, ni 120. Pampu ndogo ya maji haifiki 10. Kompyuta mpakato ikichajiwa mara moja ni 70. Jumla 290. Sasa weka friji ya kompresa ya lita 40: ikiwa inazunguka inakula kama wati 45, na kwenye joto la Oktoba inazunguka karibu nusu ya siku. Saa 12 mara 45 ni 540. Yaani friji peke yake inakula karibu mara mbili ya vitu vingine vyote vikijumlishwa, na jumla yako imefika 830.

Upande wa kuingiza, hesabu saa 5 za jua kamili kwa siku wakati wa kiangazi, halafu chukua asilimia 70 tu, kwa sababu paneli iliyolala bapa juu ya bati la moto, yenye vumbi, haitoi kilichoandikwa kwenye kibandiko chake. Paneli ya wati 200 itakupa 700. Haitoshi. Wati 300 zitakupa 1,050, na hapo una akiba kidogo ya siku yenye ukungu wa moshi wa moto wa misitu, ambao Agosti na Septemba ni jambo la kawaida.

Betri ya lithiamu (ile ya chuma na fosfeti) ya ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,280, na unaweza kutumia asilimia 80 bila kuiumiza. Betri ya risasi na asidi ya ukubwa huohuo unatakiwa uishie nusu, yaani kama 600, kwa hiyo utahitaji mbili, na kila moja ina karibu kilo 30 dhidi ya kilo 12 za lithiamu. Ukiizoesha betri ya asidi kushuka chini ya nusu kila usiku, itakufa ndani ya miezi.

Ukiacha friji, mfumo mzima unashuka hadi paneli moja ya wati 100 na betri moja ya kawaida. Na kwa njia hii, kusema kweli, friji si lazima. Chakula cha kukaushwa ndicho chakula cha huku: dagaa wa Kigoma, samaki wa migebuka mikavu, matobolwa na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), nsansa (majani ya kunde yaliyokaushwa), karanga, maharage, unga wa muhogo. Mayai yanakaa siku kumi kivulini. Nyama nunua ya kupika siku hiyohiyo. Friji ya maana ni ya anayebeba dawa kama insulini, au anayesafiri na mtoto mdogo. Wengine wanainunulia soda baridi, na hiyo ni soda ghali sana.

Kuunganisha

Paneli zifungwe juu ya mihimili miwili ya alumini, zikiachana na bati la paa kwa sentimita 3 hadi 5 ili upepo upite chini. Paneli ikipata joto hupoteza kama asilimia 0.4 ya nguvu yake kwa kila nyuzi moja juu ya 25, na saa saba mchana juu ya paa hufika nyuzi 60 bila shida. Tumia nati zenye plastiki ndani. Nati za kawaida zitajifungua zenyewe kwenye barabara yenye mikunjo kama bati. Kila tundu la boliti lizungushiwe silikoni kabla ya kukazwa. Ukipaka juu baada ya kukaza, umepamba tu.

Paneli mbili ziunge sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zisifuatane. Sababu ni miti. Kivuli cha tawi kikiangukia paneli moja kati ya mbili zilizofuatana, kinaweza kuziangusha zote. Zikiwa sambamba, ile iliyo juani inaendelea kufanya kazi. Kutoka paani hadi kwenye kontrola, kifaa kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri, tumia waya wa milimita za mraba 6.

Kontrola iwe ya ampea 30 ya aina ya MPPT, ile inayogeuza volti za ziada za paneli kuwa mkondo. Sokoni zipo nyingi zilizoandikwa hivyo kwa nje huku ndani ni PWM, aina duni isiyoweza kufanya hivyo. Njia ya kuzitambua ni mita: pima ampea zinazoingia kutoka kwenye paneli na zinazotoka kwenda kwenye betri, saa sita mchana, betri ikiwa haijajaa. MPPT ya kweli inatoa ampea nyingi kuliko zinazoingia, kwa sababu inashusha volti 18 za paneli na kupandisha mkondo. Zikilingana, umeuziwa jina. Unganisha betri kwanza, paneli baadaye, na wakati wa kufungua anza na paneli. Kontrola husoma volti za betri ili ijue inafanyia kazi mfumo gani; ukiipa paneli kabla ya betri inaweza kusoma vibaya au kuungua. Kabla ya kuiwasha, chagua aina ya betri: lithiamu inajazwa kwenye volti 14.2 hadi 14.4.

Fyuzi ya betri ikae ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye nguzo chanya. Waya unaotoka kwenye betri bila fyuzi, ukachubuliwa na bati la sakafu, unawasha moto ambao hakuna swichi ya kuuzima.

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni waya mwembamba wa friji. Fundi anachukua waya wa 1.5 uliobaki kwenye nyumba ya mtu. Friji ikiwa mita 4 kutoka kwenye betri, umeme unasafiri mita 8 kwenda na kurudi, na waya huo una ukinzani wa karibu omu 0.09. Kompresa ikitaka kuwaka inavuta ampea 10 kwa sekunde chache: volti 0.9 zimepotea njiani. Betri ina 12.2, friji inaona 11.3, inadhani betri imekwisha na inajizima. Asubuhi nyama imeharibika na lawama zinaenda kwa betri. Kwa waya wa 6 hasara hiyo inashuka hadi volti 0.2 hivi.

Kuchaji kwa injini ni akiba nzuri ya siku za mawingu, lakini tumia chaja ya kati ya betri ya gari na betri ya nyumba, ya ampea 20 au 30. Usiunganishe lithiamu moja kwa moja na alteneta kwa rilei (swichi inayojiunga yenyewe injini ikiwaka). Lithiamu inapokea kila inachopewa, alteneta inafanya kazi kwa nguvu zote huku gari limesimama bila upepo wa kuipoza, na koili zake zinaungua. Kwa ampea 20, saa mbili za kuendesha zinarudisha ampea-saa 40.

Kitanda, uzito na vumbi

Tabora ina mninga mzuri, na seremala atakushawishi. Kataa. Mninga ni mzito, na kila kilo utakayoiweka kwenye kabati ni kilo umeinyima maji. Fremu ya kitanda iwe ya bomba la mraba la milimita 25 kwa 25, juu plaiwudi ya milimita 12 iliyotobolewa matundu ya kupitisha hewa, la sivyo godoro litaota ukungu upande wa chini. Kuta na dari: povu gumu la sentimita 2 hadi 3, kisha plaiwudi nyembamba. Dari ndiyo ya kuanza nayo, kwa kuwa joto linatoka juu.

Vitu vizito vikae chini, karibu na ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Juu ya paa weka paneli tu. Anayepandisha tairi la pili la akiba na madumu mawili ya dizeli juu atalihisi gari likiyumba kwenye kona ya kwanza.

Vumbi linaingilia mlango wa nyuma kwa sababu gari linapokimbia hewa iliyo nyuma yake inapungua msukumo na kulinyonya ndani. Kubadilisha mpira wa mlango kunasaidia nusu. Nusu nyingine: funga madirisha yote, washa feni ya dashibodi kwenye hewa ya nje, ili ndani kuwe na msukumo mkubwa kuliko nje. Kaa mbali na lori lililo mbele, usilifuate ndani ya wingu lake. Na eya klina ikague kila siku mbili. Ipulize kwa upepo kutoka ndani kwenda nje. Ukipuliza kutoka nje unalisukuma vumbi liingie zaidi kwenye karatasi.

Ukibadilisha gari la abiria kuwa la kulala, rekebisha taarifa zake TRA na kwa mwenye bima kabla ya safari. Trafiki wa kwanza ataona kitanda na kuuliza viti viko wapi.

Maji

Watu wawili, lita 5 kila mmoja za kunywa na kupikia, na lita 5 za kuoga kwa kopo na kuosha vyombo: lita 20 kwa siku. Beba lita 100, yaani siku nne na siku moja ya akiba. Madumu matano ya lita 20 ni bora kuliko tangi moja. Yanabebeka hadi kisimani, yanafungika imara, na dumu moja likijazwa maji mabaya manne yamesalimika. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa au dawa ya tumbaku halisafishiki, hata uambiwe nini.

Jaza yote Tabora mjini, ambako maji ya Ziwa Victoria yanafika kwa bomba. Mbele ya hapo utategemea visima vya pampu vya vijijini. Fuata foleni, na ulipie kama wenyeji wanavyolipia. Maji ya lambo ni ya kuogea tu. Yakikulazimu kuyanywa, yaache yatulie, chuja kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne, kisha yachemshe mpaka yatokote. Ukitumia dawa ya klorini bila kuchuja, uchafu unaimaliza dawa kabla haijaua vijidudu. Fuata kipimo cha pakiti na subiri dakika 30.

Sasa nyuki. Hii ni nchi ya asali, na katika kiangazi nyuki wanatafuta maji kuliko kitu kingine chochote. Tone linalovuja kwenye bomba la dumu, sufuria iliyoloweshwa, taulo iliyoanikwa kwenye kioo, vyote vinawaita, na ndani ya saa moja wanaweza kuwa mamia. Osha vyombo alfajiri au baada ya jua kuzama. Mwaga maji machafu mbali na gari. Nguo mbichi anika ndani. Kabla ya kuegesha angalia juu: mizinga ya magogo hutundikwa kwenye matawi, na kuegesha chini yake ukiwa na jenereta au moshi wa jiko ni kutafuta balaa. Wakishakuja, usiwapunge. Weka sinia la maji mita 50 kutoka kwenye gari, gari lenyewe likiwa limekauka kabisa, na watahama.

Kupika na kupata choo

Mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye jiko juu unawatosha wawili kwa wiki tatu hivi. Maharage yaloweke tangu asubuhi ndani ya ndoo yenye mfuniko. Mtikisiko wa barabara unasaidia, na jioni yanaiva kwa nusu ya gesi. Gesi ni nzito kuliko hewa, inavuja na kutulia sakafuni, kwa hiyo kabati la mtungi liwe na tundu la kipenyo cha sentimita 5 kwenye sakafu, lenye wavu. Pima maungio kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Jiko la mkaa lisilale ndani ya gari hata likiwa limebaki majivu yenye wekundu kidogo. Mwanzoni mwa kiangazi usiku wa Tabora una baridi, na ndipo watu hujaribiwa. Hewa yenye sumu ya mkaa haina harufu, inamkuta mtu amelala na anaendelea kulala.

Nje, usiwashe moto wa kuni bila kusafisha duara la mita 2 hadi udongo mtupu, na ukiumaliza mwagia maji kisha fukia. Nyasi za Agosti hazihitaji zaidi ya cheche.

Choo ni ndoo ya lita 20 yenye kiti na mfuniko. Kila baada ya matumizi mwaga vikombe viwili vya maranda ya mbao. Maseremala wa Tabora wanayatoa kwa gunia. Mkojo uwe na chupa yake. Ukichanganyika ndipo harufu inapoanza. Zika mbali na kisima au mto, angalau mita 60, shimo la sentimita 30.

Mbung'o na mbu

Kwenye msitu wa miombo mbung'o hufuata kitu kinachotembea, na gari lako ni kitu kikubwa kinachotembea. Rangi ya bluu na nyeusi inawavuta, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaa kaki au rangi ya udongo, nguo nzito. Wanachoma kupitia fulana. Funga madirisha mkipita msituni, na mkisimama subirini dakika kumi kabla ya kufungua milango. Homa ikija baada ya safari na kipimo cha malaria kikawa hasi, mwambie daktari wazi kwamba uliumwa na mbung'o. Malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, hayapimwi kwa kipimo cha malaria.

Kwa mbu hakuna mjadala. Tabora na Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Madirisha yawe na wavu uliobanwa kwa sumaku au velkro, na chandarua chenye dawa kining'inie juu ya kitanda pia, kwa sababu mlango utafunguliwa usiku.

Pa kulala

Fika saa kumi jioni, si saa moja usiku. Mtafute mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, jitambulishe, eleza unalala siku ngapi. Gari geni lililojificha kichakani linaitiwa sungusungu. Lililotambulishwa linaletewa mahindi ya kuchoma. Usilale ndani ya hifadhi ya msitu au ya wanyama bila kibali cha wanaoisimamia, na hiyo ni pamoja na eneo la Ugalla. Kigoma ni mkoa wa mpakani: beba kitambulisho cha NIDA, maana uhamiaji wanakagua barabarani, na usipange kambi karibu na kambi yoyote ya wakimbizi.

Kwenye Mto Malagarasi usichote maji wala kufua ukingoni, una mamba. Endelea.

Barabara na ziwa

Ulizia hali ya kipande cha Kaliua hadi Uvinza siku ya kuondoka, kwa madereva wa mabasi stendi, si kwa ramani. Jaza dizeli kila mji wenye kituo hata kama tangi lina nusu. HiAce iliyobeba nyumba hesabu lita 12 hadi 13 kwa kilomita 100.

Kwenye changarawe punguza upepo wa tairi kwa asilimia 20 kutoka kiwango cha kibandiko kilicho mlangoni, na usizidi kilomita 60 kwa saa. Beba tairi mbili za akiba, plagi za kuziba tairi, pampu ya volti 12 inayobanwa kwenye betri (si ya kuchomeka kwenye tundu la sigara, fyuzi yake itakatika), na ubao wa sentimita 30 kwa 30 wa kuweka chini ya jeki. Bila ubao huo jeki inazama mchangani na gari linabaki palepale. Baada ya kilomita 200 za kwanza, kaza upya boliti zote za paa na za kitanda.

Ukifika ziwani, usiegeshe karibu na maji. Ziwa Tanganyika limepanda miaka ya karibuni na kumeza sehemu ya fukwe, na upepo wa kusi wa kiangazi unasukuma mawimbi usiku. Ghuba tulivu zenye matete zina hatari ya kichocho. Maji ya kuogea yachote mahali penye mawimbi, yaache ndani ya dumu lililofungwa kwa siku mbili, na vimelea vitakufa vyenyewe kwa kukosa pa kuingia. Kwenye mchanga laini shusha upepo hadi nusu, endesha polepole bila kukata kona kali, na usirudi barabarani kabla ya kuujaza tena. Tairi lenye upepo kidogo kwenye lami linapata moto ubavuni, na la HiAce yenye mzigo hupasuka kabla hujafika Kidahwe, nje kidogo ya Kigoma.